Shajara ya mradi: mazao matatu kwa mwaka kwenye ardhi ileile

Kabla ya mvua

Vipande vitatu vimepimwa na vigingi vimesimama. Vina ukubwa sawa, udongo wa tifutifu, na vyote vilibeba mahindi msimu uliopita, kwa hiyo hakuna kinachoanza kikiwa mbele ya mwenzake. Kipande cha kwanza kitapandwa mahindi ya muda mrefu peke yake. Cha pili kitapata mahindi ya muda mfupi, na yakitoka tu, choroko. Cha tatu kitafuata njia ya cha pili, kisha choroko zikiondoka kitapokea kabichi kwa maji ya kisima.

Swali la mradi ni moja: bila kuongeza hata hatua ya ardhi, shamba linaweza kutoa kiasi gani kwa mwaka ikiwa halikai tupu?

Kipimo cha kwanza ni rahisi. Jumla ya eneo lililovunwa kwa mwaka linagawanywa kwa eneo la shamba, kisha linazidishwa kwa 100. Shamba lenye zao moja linapata asilimia 100, lenye mawili 200, lenye matatu 300. Sitaki mradi uegemee namba hii peke yake. Mavuno matatu dhaifu hushindwa na mavuno mamoja mazuri, na asilimia 300 hupendeza kwenye karatasi hata ghala likiwa nusu. Kwa hiyo nitapima pia mavuno kwa hekta kwa siku, nikigawanya kwa siku 365, zile za shamba kukaa bila kitu zikiwemo. Na kilo zenyewe hazilingani: choroko kavu zina protini karibu asilimia 24, mahindi karibu asilimia 9. Ukizijumlisha kana kwamba ni kitu kimoja unazipunja choroko. Protini na nishati nitaziandika kila moja mahali pake.

Kalenda nimeipanga kwa kuanzia mwisho. Nimeuliza kwanza choroko zinatakiwa zitoe maua lini ili zikute bado kuna unyevu ardhini, nikahesabu kurudi nyuma hadi siku ya kupanda mahindi. Choroko huchukua siku 60 hadi 75. Mahindi ya muda mfupi huchukua siku 90 hadi 100 hivi, ya muda mrefu hupita 140. Mbegu ya muda mrefu huzaa zaidi, hilo halina ubishi, maana jani likikaa kijani muda mrefu ndivyo linavyovuna jua zaidi. Lakini ikilishikilia shamba hadi mvua inaisha, zao la pili limekufa kabla ya kupandwa. Uamuzi juu ya zao la pili unafanywa siku unapochagua mbegu ya zao la kwanza, na ndiyo maana nimetumia muda mwingi kwenye mbegu kuliko kwenye jambo lingine lolote.

Maarifa haya ni ya kale. Mwaka 1012, ukame ulipopiga, mfalme Zhenzong wa nasaba ya Song nchini China aliagiza mbegu ya mpunga wa Champa, wenye asili ya nchi ambayo leo ni Vietnam, igawiwe kwa wakulima wa bonde la mto Yangtze. Sifa kubwa ya mpunga huo ilikuwa kustahimili ukame na kukomaa mapema, na katika karne zilizofuata ulisaidia kufungua njia ya kuvuna mara mbili kwa mwaka kusini mwa China. IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga iliyoko Los Baños, Ufilipino, ilikwenda njia hiyohiyo. Aina ya IR36, iliyotolewa mwaka 1976, ilikomaa kwa siku 110 hivi, ilhali mpunga mwingi wa zamani wa Asia ulichukua siku 160 au zaidi. Tena mwingi wa ule wa zamani ulisubiri mchana ufupike ndipo utoe maua, hata ungeupanda mapema kiasi gani. IR36 haikusubiri, na hapo mkulima akapata nafasi ya msimu mwingine.

Mahindi yamefika kiunoni

Palizi ya pili imekwisha na mbolea ya kukuzia imewekwa kote.

Atrazini, dawa ya kuua magugu, hatukutumia, ingawa ingepunguza sana kazi ya jembe. Dawa hii hukaa udongoni muda mrefu baada ya kazi yake kwisha, na mikunde au mboga zinazofuata huweza kuungua. Anayelima mahindi juu ya mahindi hana haja ya kulihofia hilo. Anayelima mfululizo husoma maelezo ya dawa huku akiwaza zao ambalo bado halijapandwa.

Viwavijeshi vamizi wameonekana katika vipande vyote. Tunawakagua asubuhi ndani ya majani machanga ya katikati na kuwaua kwa mkono. Kwa sasa wanadhibitika.

Alama nyeusi

Kipande cha pili na cha tatu viko tayari. Ukivitazama kwa mbali hutaamini, kwa kuwa maganda yamegeuka manjano lakini mabua bado yana ukijani. Nilichuma hindi moja, nikalivunja katikati, nikabandua punje na kukwangua kwa ukucha sehemu yake ya chini, pale iliposhikamana na gunzi. Chini ya kigamba cheupe kuna alama nyeusi, nyembamba kama mstari wa kalamu. Alama hiyo ikishatokea, njia ya chakula kutoka kwenye mmea kwenda kwenye punje imefungwa. Punje haiongezeki uzito tena. Kilichobaki ni kupoteza maji.

Punje za wakati huu zina unyevu wa asilimia 30 hadi 35, na za kuweka ghalani zinatakiwa zifike 13 hivi. Wengi huyaacha mahindi yakauke yakiwa yamesimama, na shamba hushikiliwa wiki tatu au nne kwa kazi ambayo jua na upepo vingeifanya kwenye chanja. Mwenzangu katika mradi alisita: "Si tungesubiri kidogo, ndugu? Mabichi ni mazito kubeba, tena yanataka kuangaliwa kila siku."

Hoja yake ina uzito. Mahindi yaliyovunwa hivi lazima yamenywe maganda siku hiyohiyo, yaanikwe yakiwa kwenye magunzi mahali panapopitisha hewa, na yapukuchuliwe tu yakishakauka vya kutosha punje isipondeke. Yakirundikwa mabichi huota kuvu, na baadhi ya kuvu wa jamii ya Aspergillus hutoa aflatoksini, sumu isiyoondoka kwa kuchemsha. Hakuna choroko zinazostahili kupatikana kwa kuharibu mahindi. Ndiyo maana chanja ilijengwa kwanza, na hakuna hindi lililoguswa hadi paa lake lilipokamilika. Mwenye kutaka kuvuna kwenye alama nyeusi bila mahali pa kukaushia, namshauri asivune.

Kipande cha kwanza kiko kijani kabisa. Punje zake bado zina maziwa, na mahindi yenyewe yamenona. Yatakuwa makubwa kuliko haya yetu.

Mwanya

Siku zilizo kati ya kuvuna zao moja na kupanda jingine naziita mwanya. Moyo wa mradi huu uko hapa. Kwa mwaka mzima unaweza kuhangaika kutafuta mbegu inayokomaa siku tano mapema, kisha ukapoteza siku ishirini ukisubiri mabua yaondoke na jembe lifike.

Mfano mkubwa zaidi duniani wa gharama ya mwanya uko kwenye tambarare za mito ya Indus na Ganges, huko India na Pakistan, ambako ngano hufuata mpunga kwenye mamilioni ya hekta. Ngano ikipandwa baada ya katikati ya Novemba, mavuno hushuka kwa takriban asilimia 1 hadi 1.5 kwa kila siku ya kuchelewa, maana joto la Machi na Aprili huikuta ikijaza punje. Mwaka 2009 jimbo la Punjab nchini India lilipitisha sheria ya kuzuia kupandikiza mpunga kabla ya tarehe 10 Juni, ili maji ya visima yasizidi kuzama kwa kumwagilia wakati wa jua kali. Sababu ilikuwa nzito na ya kweli. Lakini mpunga ukichelewa kuingia huchelewa kutoka, na mwanya wa kuandaa shamba la ngano ukabana hadi wiki mbili au tatu. Mkulima aliyebaki na mabua tele shambani na kalenda shingoni aliona njia moja ya haraka, nayo ni moto. Moshi wake wa Oktoba na Novemba hufika hadi Delhi. Ipo mashine iitwayo Happy Seeder inayopanda ngano katikati ya mabua yaleyale bila kuchoma wala kulima, na mimi naiona kuwa moja ya zana muhimu zaidi katika kilimo cha mfululizo, kwa sababu inafuta mwanya badala ya kumlazimisha mkulima akimbie ndani yake.

Katika jimbo la Mato Grosso, Brazil, wamefika mbali zaidi. Mashine ya kuvuna soya ikiwa bado upande mmoja wa shamba, ya kupanda mahindi inaifuata upande wa pili. Zao hilo la pili, ambalo zamani lilihesabiwa kuwa nyongeza tu, leo hutoa sehemu kubwa zaidi ya mahindi ya Brazil yote.

Sisi tumefanya kwa mkono. Mabua yamekatwa chini na kulazwa kati ya mistari. Udongo haukulimwa, kwanza kwa kuokoa muda, pili kwa sababu kuufunua wakati mvua zinaelekea ukingoni ni kuupotezea unyevu ambao choroko zitautegemea. Tulichimba hadi sentimita 30 na kuufinya: juu ulikuwa umeanza kuwa vumbi, chini ulishikana tonge na kulowesha kiganja. Mbegu zimelowekwa usiku, zikatandazwa kivulini zipungue maji, na asubuhi hiyohiyo zikapandwa kwa kijiti chenye ncha, mistari ikiachana sentimita 45, mashimo sentimita 10.

Mpangilio wa mazao nao una sababu. Mabua ya mahindi yana kaboni mara 60 hivi ya nitrojeni yake. Vijidudu vinavyoyaozesha havipati nitrojeni ya kutosha ndani ya mabua, kwa hiyo huifuata udongoni, na zao lolote changa lililopandwa hapo hugeuka manjano kwa njaa. Mikunde ikishajijenga huipata nitrojeni kutoka hewani. Kabichi ikipandwa moja kwa moja kwenye mabua mapya bila mbolea nyingi ingeteseka, ikipandwa baada ya choroko inakuta mabua yameanza kulainika. Na kwa kuwa yamelazwa juu, hayakufukiwa, uozo unakwenda polepole na ushindani wa nitrojeni unapungua.

Choroko zinatoa maua

Pembe ya mwisho ya kipande cha pili ilipandwa siku chache baada ya sehemu nyingine, kwa sababu mikono haikutosha. Mbegu ileile, udongo uleule, mabua yaleyale. Sasa ukisimama kwenye mpaka unaona kama umechorwa kwa kamba: upande uliotangulia mimea imefunika mistari na ina vitumba vya maua hadi kileleni, upande uliochelewa majani yananyauka kufika saa nane mchana na maua yanapukutika. Ningeweza kuandika kurasa kuhusu mwanya, ila mpaka ule unaeleza vizuri zaidi. Nimewaleta pale wote wanaohusika na mradi.

Nilichimbua mche mmoja wa upande mzuri pamoja na udongo wake, nikauosha taratibu kwenye ndoo. Mizizi imejaa vifundo, vingi karibu na shina, baadhi vikiwa na ukubwa wa punje ya ulezi na vingine kama punje ya mtama. Nilikata kadhaa kwa wembe. Ndani ni vya waridi iliyokolea. Rangi hiyo inatokana na leghemoglobini, protini inayosimamia kiasi cha oksijeni kinachowafikia bakteria, nayo ni ishara kwamba wanafanya kazi ya kunasa nitrojeni. Vingekuwa vya kijani au kijivu ningejua wamekwisha au hawajaanza. Mbegu hazikupakwa bakteria wowote, maana choroko hushirikiana na kundi lilelile linaloishi na kunde, na kundi hilo limeenea katika udongo wa nchi za joto.

Hapa nataka kuweka tahadhari kwa kila anayesikia kwamba mikunde inarutubisha ardhi. Sehemu kubwa ya nitrojeni hiyo huhamia kwenye punje, na punje tunaziondoa. Ukiondoa na majani na mashina, ukang'oa na mizizi, udongo unaweza kubaki maskini kuliko ulivyokuwa. Choroko zetu zitakatwa usawa wa ardhi, mizizi ibaki chini, majani yarudi juu baada ya kupura.

Kubadilisha jamii ya mimea kunasaidia pia upande wa wadudu na magonjwa. Mahindi yakifuata mahindi mwaka mzima, kiwavi na kuvu hawakosi pa kuishi hata siku moja. Brazil imelazimika kuweka kipindi ambacho hakuna mmea hai wa soya unaoruhusiwa shambani, ili kutu ya soya, ugonjwa wa kuvu, ikose makao. Yaani hata nchi iliyobana mwanya kuliko nyingine imeona kuwa kwa zao lilelile lazima pawe na mapumziko. Naiheshimu kanuni hiyo, na ndiyo sababu hakuna zao linalorudi mara mbili kwa mwaka katika vipande vyetu.

Maganda ya choroko hayakomai kwa pamoja. Kipande cha pili tutachuma kadiri yanavyoiva. Cha tatu tutachuma mara mbili kisha tukate, hata kama yatabaki mabichi kileleni, kwa sababu kabichi inangoja.

Kabichi na kisima

Miche ilisiwa kitaluni wakati choroko zinajaza maganda. Wiki nne hadi tano za mwanzo wa maisha ya kabichi zimepita kwenye tuta dogo badala ya kulishika shamba lote, na hii ndiyo faida ya kupandikiza ambayo wakulima wa mpunga wameitumia tangu zamani.

Maji ndiyo yanayonikosesha raha. Kwa makadirio ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mahindi yanahitaji milimita 500 hadi 800 za maji kwa msimu, maharage 300 hadi 500, kabichi 350 hadi 500. Choroko nazikadiria karibu na maharage. Ukichukua viwango vya chini kabisa, mfululizo mzima unataka zaidi ya milimita 1,100. Mvua inalipia mahindi, udongo unalipia choroko, kabichi inalipiwa na kisima. Tumefunga alama kwenye kamba ya kupimia kina, na maji yakishuka chini ya alama hiyo umwagiliaji unasimama hata kama kabichi haijafunga. Punjab ilifika kwenye sheria baada ya visima kuzama, sisi tunaweka kikomo kabla.

Hesabu ya rutuba

Tani moja ya punje za mahindi huondoka na kilo 15 hivi za nitrojeni. Potasiamu kwa sehemu kubwa iko kwenye mabua, kwa hiyo mabua yakibaki nayo inabaki. Kabichi ni tofauti: inaondoka karibu nzima, na ni mlaji mkubwa wa nitrojeni na potasiamu. Kipande cha tatu kimepewa samadi iliyooza vizuri kabla ya kupandikiza, na kitapewa tena kabla ya mahindi.

IRRI wamekuwa na jaribio la kuvuna mpunga mara tatu kwa mwaka kwenye shamba moja tangu miaka ya 1960. Miaka ya 1970 na 1980 mavuno yalikuwa yakishuka ijapokuwa mbolea iliwekwa. Katika miaka ya 1990 yalipanda tena, baada ya kubadilisha kiasi na wakati wa kuweka nitrojeni na kuuacha udongo ukauke. Kwa hiyo mwaka mmoja wa mavuno mazuri hapa kwetu hautoshi kusema shamba liko salama. Sampuli za udongo wa vipande vyote zimehifadhiwa kwenye mifuko iliyoandikwa, ili kila mwaka tulinganishe na mwanzo.

Mwisho wa mzunguko wa kwanza

Kipande cha kwanza kimevunwa na, kama ilivyotarajiwa, kimetoa mahindi mengi kwa eneo kuliko vingine. Ukihesabu nishati peke yake, kiko mbele kidogo ya kipande cha pili. Ukihesabu protini, kimeachwa nyuma. Mfano wa hesabu yenyewe, kwa namba za kuelezea tu: tani 4 za mahindi zina protini kilo 360. Tani 3 za mahindi zina kilo 270, ukiongeza kilo 800 za choroko zenye kilo 192 unafika 462, huku jumla ya uzito ikiwa pungufu ya ile ya kwanza. Ndiyo maana nilikataa kupima kwa kilo za ghalani pekee. Kabichi ya kipande cha tatu imefunga vizuri na kamba ya kisima haikufika kwenye alama, ila kazi ilikuwa nzito, na kwa nafasi tuliyonayo sioni tukiipanda kwenye kipande chote tena. Mwaka ujao itachukua nusu yake, na nusu nyingine itapumzika chini ya matandazo.

Jaribio jipya litakuwa la kupokezana: mistari kadhaa ya choroko itapandwa kati ya mahindi yakiwa bado yamesimama, wiki mbili hivi kabla ya alama nyeusi, majani ya chini yanapokauka na mwanga kuanza kufika ardhini. Mistari hiyo itakaa kando ya ile inayopandwa baada ya kuvuna, ili zilinganishwe ana kwa ana. Shaka yangu ni uvunaji: watu wakipita kubeba mahindi watakanyaga miche, kwa hiyo kila baada ya mistari minne tutaacha njia. Chanja inarefushwa wiki hii, na mbegu ya mahindi ya muda mfupi imeshapimwa uotaji.